Bomba la Patrol na Jasho la Mama Mkwe

Jumanne, 17 Juni

Turbo imefika! Nimeibeba mwenyewe kutoka mlangoni hadi sebuleni, nikaiweka juu ya meza ya kahawa, nikaitazama. Mke wangu Mahra akapita na nguo za kupiga pasi, akauliza kama huyu konokono wa chuma atakula nasi chakula cha mchana. Sikumjibu. Wanawake hawajui mambo ya magari. Kusema kweli Mahra anajua sana, ndiyo maana sikumjibu.

Jioni nikaipeleka kwa Nazih, eneo la viwanda, Sharjah. Nazih ni Msyria, ana kitambi kama changu, na hakuna anayemfikia kwa mabomba ya moshi. Anachomelea chuma utadhani anadarizi kanzu. Na anajijua! Alifungua boneti ya gari langu, Patrol, akainama, akanyoosha kidole kwenye kompresa ya kiyoyozi.

"Huyu atoke."

"Hatoki."

"Bwana Dalmuk, bomba langu linataka kupita hapa. Hapa hapa alipokaa huyu."

Tatizo ni hili. Moshi ukitoka kwenye injini unaizungusha turbo, halafu lazima uteremke kwa bomba nene mpaka chini ya gari ndipo uende nyuma. Njia ya kuteremkia ni moja, na mwenye nyumba ni kompresa pamoja na paipu zake za gesi. Bomba linaiva mpaka linakuwa jekundu. Paipu za gesi ni za mpira. Ujirani gani huo!

Nazih anasema vijana wote wanaopanda matuta ya mchanga kwa magari wanang'oa kiyoyozi. Madirisha wazi, kitambaa cha maji shingoni, basi. Nikamwambia mimi si kijana, nina arobaini na tatu, na huu ni Juni.

"Kwa nini umekuja Juni?"

Kwa sababu Oktoba kila mtu anataka turbo na wewe hupokei simu, nikamwambia. Akacheka. Akasema basi nimwachie usiku mmoja alifikirie.

Alhamisi, 19 Juni

Nimefanya jambo. Niandike kwanza ndipo nijue kama kweli nimelifanya.

Tulikuwa barazani kwa shemeji yangu Thani, kaka wa Mahra. Nilikosea kulitaja bomba. Kila mtu akawa fundi! Mmoja anasema litokee juu ya boneti, lisimame. Mwingine ana binamu yake Kuwait kalipitisha ndani ya gari, miguuni pa abiria. Mzee mmoja, ambaye maisha yake yote anaendeshwa, akasema tatizo ni betri.

Thani akamaliza kahawa yake, akatikisa kikombe, akasema: "Na mama je? Mwezi ujao unampelekaje Liwa bila kiyoyozi? Au utamkaanga njiani, ukifika umlaze juu ya wali?"

Watu wakacheka mpaka wakaegemeana.

Kila mwaka tende zikianza kuiva, mama mkwe huhamia shambani kwao Liwa, mbali kusini, jangwani. Na kila mwaka dereva ni mimi, kwa sababu kipande cha mwisho ni mchanga mtupu na Patrol yangu ndiyo inayopita. Ni heshima yangu pekee katika ukoo ule. Thani kaigusa hiyo hiyo.

Hasira zangu hazijui kusubiri. Nikasimama — kwa nini nilisimama? — nikasema mbele ya watu wote: "Patrol itakuwa na turbo na itakuwa na baridi! Na mama yenu akitokwa na hata tone moja la jasho humo ndani, kutoka Ajman mpaka Liwa, basi Mahra kaachika!"

Mgawa kahawa akabaki na dele hewani.

"Dalmuk," Thani akasema polepole, "umeapa talaka kwa ajili ya ekzosi?"

Nikakaa. Nikanyoosha kikombe changu. Hakuna aliyenimiminia.

Ijumaa, 20 Juni

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Nilimkuta Mahra amesimama mlangoni.

"Karibu, bwana wa matone."

Ningependa apige kelele. Hakupiga. Alisema miaka tisa amevumilia mchanga kwenye zulia, vyuma kwenye beseni la kuogea, na harufu ya oili kwenye mito, kwa sababu alijua chini ya yote hayo kuna mtu anayempenda. Sasa mtu huyo kamweka rehani kwa jasho la mama yake.

"Sikiliza," akasema. "Tone likianguka, naondoka. Usije na shekhe, usije na wazee, usije na dhahabu. Sirudi."

Akaupeleka mto wangu chumba cha wageni. Nimelala na maboksi ya vipuri.

Leo baada ya sala nikamfuata Shekhe Musabbah. Akaniuliza mara mbili mbili ili ahakikishe.

"Jasho la nani?"

"La mama mkwe."

"Kwa sababu ya nini?"

"Bomba, shekhe. La moshi."

Akajifunika uso kwa mikono. Mabega yakamtikisika kidogo. Halafu akawa mkali kweli: maneno haya si ya kuchezea, maulamaa wana kauli zaidi ya moja juu yake, wapo wanaosema nitatoa kafara ya kiapo, wapo wanaosema talaka inapita. "Mimi sitaki uje kuniuliza ufuate kauli gani. Nataka tone lisianguke. Bora mama huyo asipande gari lako."

Asipande! Nilirudi nyumbani nikiimba. Mahra alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama amepanda gari lile kila Julai tangu unioe. Mwaka huu utamwambia nini? Ukimkwepa, umekiri mbele ya watu wote kwamba uliapa kwa kitu usichokiamini. Umeyasema, utayaendesha."

Nampenda mwanamke huyu. Naandika hapa kwa sababu mlango wa kumwambia umefungwa.

Jumatatu, 23 Juni

Nazih kashasikia. Sharjah nzima imeshasikia.

"Kumbe ndoa yako iko chini ya boneti! Ungeniambia tangu mwanzo, nisingesema huyu atoke." Kisha akanawa mikono mpaka viwikoni. Sijawahi kumwona fundi akinawa kabla ya kazi.

Njia ya kwanza: tusiteremke kabisa. Bomba litokee ubavuni, kwenye madigadi ya mbele, karibu na mlango wa abiria. Kompresa haiguswi. Akakata tundu kwenye madigadi yangu — nilitazama pembeni — akachomelea, tukawasha.

Baridi safi! Ila sauti... Paka wa mtaa mzima wa viwanda walihama. Mwenye duka la matairi alitoka na rungu. Hilo ningeweza kulivumilia. Lakini kiyoyozi kinavuta hewa yake chini ya kioo cha mbele, na bomba linatapika moshi pale pale. Tulikaa ndani madirisha yamefungwa, tukivuta moshi uliopoa vizuri sana.

"Lakini hutoki jasho!" Nazih akasema, akikohoa, macho mekundu.

Ni kweli. Mama mkwe angefika Liwa mkavu kabisa, tena maiti.

Jumatano, 25 Juni

Tundu la madigadi limezibwa kwa bati. Rangi haifanani. Haidhuru.

Njia ya pili: bomba linajibana kati ya kompresa na chesisi, nafasi ya kupitisha vidole. Nazih alilipenda, limenyooka karibu lote. Tukaenda nalo barabara ya Dhaid. Turbo ikapiga mluzi, tukazibwa masikio kwa mwendo, baridi, baridi, baridi — halafu psssss! Ikaja harufu ya kandambili zinazoungua. Paipu ya gesi imeyeyuka.

Tulirudi madirisha wazi. Upepo ulikuwa wa moto kuliko kukosa upepo. Tulipoingia Sharjah Nazih akafungua mdomo.

"Huyu angetoka..."

"Nazih!"

"Nasema tu."

Na Thani je? Yule aliyewasha moto kapanda ndege na familia yake, kaenda kupoa nchi ya Jojia, milimani. Kanitumia picha ya mvua.

Jumapili, 29 Juni

Joto halisemeki. Kazini, idara ya maji, watu wananipisha njia kwa heshima kama mfiwa.

Mahra anaongea nami kwa ujumbe wa simu, tukiwa nyumba moja. Wa leo: "Chumvi imekwisha." Nikanunua chumvi, nikaongeza na maua. Amepokea chumvi.

Jumanne, 1 Julai

Njia ya tatu. Na hii ndiyo! Nazih aliipata akiwa anakula shawarma: bomba libaki lilipotaka kukaa, kompresa ahamie upande wa pili wa injini, chini kabisa. Pampu ya usukani ikapandishwa juu kumpisha. Kishikizo kikakatwa kwenye bamba zito la chuma. Paipu mpya za gesi, ndefu, zikizunguka mbele ya rejeta mbali na moto. Bomba likafungwa bendeji za kuzuia joto kutoka juu mpaka chini, kama mguu uliovunjika, na bati likasimamishwa kati.

Lakini sasa bomba lina makunjo matano. Kila kunjo Nazih alililia. "Moshi unapenda kunyooka, Dalmuk. Mimi nimeupeleka kama mlevi anayetafuta nyumba yake. Usimwambie mtu ni kazi yangu."

Tukatoka nalo barabara kuu saa saba mchana, jua la utosini. Nikafungulia kiyoyozi mpaka mwisho. Nilitetemeka! Nazih aliingiza mikono ndani ya mikono ya shati lake. Tulipofika taa nyekundu tulikumbatiana, na dereva wa basi la shule akapiga honi.

Nikampigia Mahra. "Baridi!" nikasema. "Mahra, baridi!"

Akauliza: "Umekula?"

Umekula! Sijasikia neno hilo tangu siku ile ya baraza. Nilikaa garini nje ya nyumba muda mrefu kabla ya kuingia, ili nisionekane nimelia.

Alhamisi, 3 Julai

Nimefurahi mapema.

Leo tulikwenda kwenye kibanda cha chai, mimi na Nazih, kusherehekea. Nikafanya kama anavyofanya kila mtu: nikasimama mbele, nikapiga honi, nikangoja chai iletwe dirishani, injini ikiunguruma. Kulikuwa na magari mengi. Tukangoja. Upepo wa kiyoyozi ukawa wa kawaida. Kisha ukawa vuguvugu. Chai ilipofika, chai ndiyo iliyokuwa na afadhali.

Tukaondoka — baridi! Tukasimama — joto. Tukaondoka — baridi. Tulizunguka kibanda kile mpaka mwuza chai akatoka kutuuliza kama kuna kitu tumepoteza.

Nazih akaeleza, kwa sauti ya chini, kama daktari anayewaita ndugu pembeni. Gari likienda, upepo unafukuza joto la turbo. Likisimama, joto linakaa chini ya boneti lile lile, na kiyoyozi kinashindwa. Akaongeza feni mbili. Zinapiga kelele sana na zinasaidia kidogo.

"Sasa nifanyeje?"

"Usisimame."

Usisimame! Na mama mkwe! Sisi watu wa hapa kila kitu tunanunua tumekaa garini, sikatai. Lakini yeye kapita kiasi. Hajawahi kupita duka bila kuniamuru nilipigie honi. Viatu alijaribu garini. Mwaka juzi alinunua mbuzi kupitia dirishani, akamkagua meno, akamlipia, bila kuteremsha mguu. Safari ya Liwa kwake si safari, ni kusimama hapa na pale kwa kutwa nzima.

Jumamosi, 5 Julai

Mama mkwe kapiga simu. Kwangu, si kwa Mahra!

Niandike kitu ambacho sijawahi kukiandika. Bi Ghubaisha, mama mkwe, hakunitaka. Alitaka Mahra aolewe na binamu yake, mwenye ngamia wa mashindano. Mahra alinichagua mimi, na kwa miaka tisa mama yake hajalitamka jina langu. Mimi ni "yule wa Patrol". Ananiita hivyo hata nikiwa nimekaa mbele yake na sahani mkononi.

"Nimesikia," akasema.

"Mama, zilikuwa hasira tu, mimi—"

"Jumamosi ijayo, baada ya Alfajiri. Nitakaa kiti changu cha nyuma."

"Inshallah, mama."

"Na chumba cha Mahra hapa kwangu nimekifagia. Nimekifukiza udi."

Akakata.

Kakifukiza udi! Mahra alimwambia nini hasa, hasemi. Lakini mimi nimeelewa. Mwanamke anayetaka binti yake arudi nyumbani anahitaji tone moja tu la jasho, na jasho ni lake mwenyewe. Atavaa mashuka yote ya nyumbani kwake. Atakunywa chai ya tangawizi. Naogopa, wallahi. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa juu ya tuta lolote.

Alhamisi, 10 Julai

Nimekuwa na akili. Vitu vyote ambavyo mama mkwe husimama kuvinunua nimevinunua mimi kabla. Maembe, halua, samaki wakavu, kahawa mbichi, majani ya mbuzi mafungu manne, kandambili za saizi yake rangi tatu. Patrol imejaa mpaka juu. Hana sababu ya kusimama!

Mahra alinitazama nikipakia, mikono kifuani.

"Umesahau kitu."

"Nini?"

"Jamaa zake wa kuwasalimia njiani. Hao huwezi kuwapakia."

Lakini mto wangu umetoka chumba cha wageni. Umefika kwenye kochi la ukumbini. Nusu ya njia hiyo! Nikamwuliza kama kesho utasogea tena. Akasema utasogea ukifika Liwa.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika nimesimama, daftari juu ya friji ya aiskrimu, ndani ya duka la kituo cha mafuta, njia ya Liwa. Wao wako garini. Niandike haraka kabla hawajapiga honi.

Asubuhi ilikwenda kama ndoto. Mama mkwe alitoka amevaa barakoa yake, ile ya kizamani inayong'aa, inayofunika kuanzia paji mpaka mdomo, yanabaki macho tu. Shuka moja. Moja tu! Akapanda nyuma, akasema bismillah, akafunga mkanda. Tukapita Dubai jua likichomoza, kiyoyozi kinapuliza barafu, turbo inaimba chini chini. Mahra alikaa mbele. Baada ya muda akauweka mkono wake juu ya wangu kwenye gia, chini, mama yake asione. Nikasema moyoni, Nazih, mungu wa mabomba — astaghfirullah — Nazih, fundi mzuri tu.

Karibu na Abu Dhabi: "Ingia hapo kwa binti ya dada yangu. Nimsalimie, sishuki."

Hakushuka. Binti ya dada akaja dirishani na dele na vikombe. Kisha wakaja mabinti zake. Kisha jirani, kisha mama wa jirani, anayetembea kwa mkongojo, hatua moja moja kutoka mwisho wa mtaa. Dirisha wazi, feni zinalia. Mimi nakanyaga mafuta gari limesimama, vruuum, vruuum, ili kompresa izunguke.

"Ana haraka ya nini?" jirani akauliza.

"Ndivyo alivyo," mama mkwe akasema. "Ni yule wa Patrol."

Tulitoka pale upepo ukiwa vuguvugu. Nikaikimbiza Patrol mpaka baridi ikarudi. Nikamtazama kwenye kioo: mkavu. Au barakoa ndiyo kavu, sijui, huoni kitu! Nikafikiri tumepona.

Halafu, katikati ya jangwa, foleni. Lori la majani limelala barabarani mbele huko, magari yote yamesimama, jua saa sita. Dashibodi inasema nje ni arobaini na tisa. Kiyoyozi kikapungua, kikapungua, kikawa kinapumua tu. Nilizungusha kitufe mpaka mwisho, kikagoma kwenda zaidi. Nilipiga bismillah, nikapiga dashibodi. Mahra aliuondoa mkono wake kwenye wangu, akaupeleka mapajani mwake.

Na hapo tukaliona, sote watatu. Lilitoka chini ya barakoa, likaning'inia kwenye kidevu, likaanguka juu ya mkono wake, juu ya hina.

Tone.

Mahra akafumba macho. Hakulia, hakunigeukia. Nimekaa naye miaka tisa, naujua uso ule: alikuwa ameshaanza kupanga nguo zake sandukuni. Nilitaka kusema samahani na sikujua niseme kwa nani kwanza. Nikamtazama mama mkwe kwenye kioo, nikijua nitaona ushindi.

Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama binti yake. Alimtazama muda mrefu, yale macho mawili ndani ya barakoa, hayapepesi. Kisha akaufuta mkono wake kwa shuka.

"Nimemkumbuka marehemu," akasema.

Mahra akafumbua macho. "Baba?"

"Baba yako. Aliipenda sana barabara hii. Machozi yamenitoka."

Marehemu baba mkwe hakukanyaga Liwa hata siku moja! Kila mtu anajua. Alikuwa akisema mchanga hata Ajman upo, wa nini kuufuata mbali. Mahra anajua kuliko mimi.

"Mungu amrehemu," Mahra akasema.

"Amin," nikasema mimi, kwa sauti kubwa mno.

"Endesha, mwanangu," mama mkwe akasema. "Magari yanasogea."

Mwanangu! Miaka tisa! Sikuyaona magari vizuri kwa muda.

Tukasogea kidogo, tukasimama. Matone mawili. Amemkumbuka kaka yake aliyezama enzi za kupiga mbizi kutafuta lulu. Tukasogea, tukasimama. Amemkumbuka jirani yao wa zamani, mwanamke mwema, alimfundisha kushona. Mahra akawa anampa tishu moja moja kwa kurudisha mkono nyuma bila kugeuka, mabega yanamtikisika, na mimi sijui kama anacheka au analia, na nadhani yeye pia hajui. Tukasimama tena. Amemlilia mbuzi, yule wa madoa. Tukasimama tena — binamu yake mmoja wa Bahrain, ambaye kwa nijuavyo mimi yu hai na juzi tu kanitumia salamu.

Nikasema, "Mama, tufungue dirisha?"

"La nini? Humu kuna baridi. Wewe huoni kama kuna baridi?"

"Kuna baridi, mama," nikasema. Jasho lilikuwa likiingia machoni mwangu mpaka natokwa na machozi ya kweli.

Foleni ilipoachia tukafika hapa kituoni, na kiyoyozi hakijarudi hata tulipokimbia. Nadhani paipu imeondoka tena. Nimempigia Nazih, anasema nisiizime injini, nisiguse, nimwombe Mungu. Shekhe Musabbah nimefikiri kumpigia. Nikaishika simu. Nimwulize nini? Kama mtu mzima mwenye akili zake anasema ni machozi, mimi ni nani wa kumwambia hapana? Nimeirudisha mfukoni.

Hawataki kushuka. Nimewaomba wote wawili waingie dukani, huku kuna ubaridi wa kweli. Mama mkwe kasema yeye na duka la petroli wapi na wapi. Mahra kasema atakaa na mama yake. Kanituma tishu, sanduku la garini limekwisha. Nilipofunga mlango akateremsha kioo kidogo, uso umelowa, mwekundu, akanitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu lile lori, akasema: "Chukua sanduku kubwa."

Honi hiyo. Ya pili. Wananiita.

Nimechukua masanduku matatu. Kutoka hapa dirishani namwona mama mkwe nyuma, shuka limemgandia mabegani, kaketi wima, anahesabu kwenye vidole — waliokwisha kuliliwa na waliobaki. Wafu wake wanakaribia kwisha, na Liwa bado mbali.